Maisha ya Abraham de Moivre, Mkimbizi Aliyeipima Bahati

Wanafunzi wa madarasa ya mwisho, hasa wale wa upande wa hesabu, wanalijua jina la Moivre kwa sababu ya kanuni yake, ile ya kosini na sini inayowatoa jasho siku ya mtihani. Kanuni wanaijua, lakini mwenyewe hawamjui. Wengine hudhani alikuwa tajiri mmoja wa Ulaya, mwenye nyumba nzuri na watumishi, asiyekuwa na kazi ila kuandika. Sivyo hata kidogo. Bwana Abraham de Moivre alikuwa mkimbizi, na karibu maisha yake yote alikuwa mtu wa mapato madogo. Alijipatia chakula kwa kwenda nyumba hata nyumba akifundisha watoto wa watu. Na katika hali hiyo hiyo akawafundisha watu wa Ulaya jinsi bahati inavyoweza kupimwa kwa kalamu na karatasi.

Nimeona vema kuandika habari zake katika gazeti letu kwa sababu mbili. Ya kwanza, sisi watu wa Bwiza tunajua maana ya ukimbizi. Wapo wanafunzi wa zamani wanaosoma kurasa hizi ambao wazee wao walivuka mpaka mwaka wa 1972, na wengine walivuka wenyewe mwaka wa 1993 na miaka iliyofuata, wakaenda kuanza upya Tanzania au Kongo. Ya pili, vijana wengi wamependa mno bahati nasibu na kubashiri mipira. Mwanafunzi aliyepungukiwa karo hushika noti yake ya mwisho akajiuliza kama si afadhali anunue tikiti, huenda Mungu akamfungulia. Swali hilo si la kuchekwa. Ni swali la hesabu, na De Moivre alikwisha kulijibu zaidi ya miaka 300 iliyopita.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Alizaliwa tarehe 26 Mei, mwaka wa 1667, katika mji wa Vitry-le-François, nchi ya Ufaransa. Baba yake alikuwa daktari wa kupasua. Hakuwa tajiri, lakini alipenda sana elimu. Jamaa yao walikuwa Waprotestanti, katika nchi ambayo mfalme wake na watu wake wengi walikuwa Wakatoliki. Mwaka wa 1598 mfalme Henri wa Nne alikuwa amewapa Waprotestanti ruhusa ya kuabudu kwa namna yao. Lakini katika siku za utoto wa Abraham mfalme alikuwa Louis wa Kumi na Nne, naye aliipunguza ruhusa hiyo kidogo kidogo, kama mtu afutaye maandishi ubaoni.

Kwanza kijana alisoma katika shule ya Wakatoliki mjini kwao. Alipopata umri wa miaka 11 alipelekwa Sedan, penye chuo cha Waprotestanti, akasoma Kiyunani. Mwaka wa 1681 chuo hicho kikafungwa kwa amri ya serikali. Abraham akafunga mizigo yake akaenda Saumur kusoma mantiki, na mwaka wa 1684 akaenda Paris. Basi hata hajatimiza miaka 18 alikuwa amekwisha kubadili shule mara tatu.

Huko Saumur hesabu haikuwamo katika masomo yake. Akajisomea mwenyewe kwa siri ya chumbani, kama wanafunzi wengi wasiotosheka na yale wanayopewa darasani. Kitabu kimoja kilichomwingia moyoni kiliandikwa na Mholanzi Christiaan Huygens mwaka wa 1657. Kilikuwa kitabu kidogo sana, nacho kilieleza hesabu za michezo ya dadu. Kwa mfano, watu wawili wanacheza kwa fedha, na yule atakayetangulia kupata ushindi mara kadhaa ndiye atakayezichukua zote. Kabla ya kumaliza, mchezo unakatizwa. Je, fedha zigawanywe namna gani, ili kila mmoja apate haki yake kwa kadiri ya tumaini alilokuwa nalo? Mbegu hiyo iliyopandwa katika kichwa cha kijana iliota, ijapokuwa ilikawia miaka mingi kuzaa.

Mjini Paris alipata mwalimu wa hesabu, Bwana Jacques Ozanam, akasoma kwake kwa bidii. Lakini mwezi wa Oktoba, mwaka wa 1685, mfalme Louis aliifuta kabisa ile ruhusa ya mwaka wa 1598. Makanisa ya Waprotestanti yakabomolewa na wachungaji wao wakafukuzwa. Waprotestanti wengi sana wakaikimbia Ufaransa, wakaenda Uholanzi, Uingereza, Ujerumani na hata Afrika ya Kusini. Abraham alitiwa katika nyumba ya watawa ya Saint-Martin ili abadili dini yake. Hakubadili. Alipotoka huko akaiacha nchi yake pamoja na ndugu yake Daniel, wakavuka bahari kwenda London. Alikuwa kijana wa miaka kama 20 hivi, na inavyojulikana hakurudi tena kukaa kwao.

MWALIMU WA KUTEMBEA

London haikumngoja. Cheo hakuwa nacho wala jamaa wa kumwinua, na Kiingereza chake kilikuwa cha mgeni. Mali yake ilikuwa ile aliyoibeba kichwani. Akaanza kufundisha hesabu vijana wa nyumba za wakubwa, saa moja hapa na saa moja kule, akikata mitaa kwa miguu toka mwanafunzi mmoja hata mwingine. Saa nyingi za siku yake zilipotea njiani.

Siku moja katika nyumba ya mkubwa mmoja, Bwana wa Devonshire, alikiona kitabu kipya cha Isaac Newton kilichotoka mwaka wa 1687, kile kinachoeleza mwendo wa vitu vyote, jua na mwezi na nyota. Kijana alikuwa akijiona amekwisha kuielewa hesabu. Alipokifungua akaona kumbe bado yuko mlangoni. Akakitafuta akakinunua. Lakini angekisoma saa ngapi, naye kutwa yu njiani? Basi alizikata kurasa zake, kila asubuhi akatia chache mfukoni, akawa anazisoma katika nafasi ya kutoka somo moja kwenda jingine. Namna hiyo akakimaliza kitabu ambacho hata mabwana wa vyuo vikuu kiliwashinda.

Mwaka wa 1692 alijuana na Bwana Edmond Halley, ambaye jina lake tunalijua kwa sababu ya nyota yenye mkia. Halley akapendezwa naye, na mwaka wa 1695 akaipeleka kazi yake mbele ya Chama cha Kifalme cha wataalamu wa London. Mwaka wa 1697 De Moivre mwenyewe akachaguliwa kuwa mwanachama. Newton naye akawa rafiki yake. Husimuliwa kwamba Newton alipozeeka, watu waliokuja kumwuliza maswali magumu ya hesabu aliwatuma kwa De Moivre, akisema kwamba huyo anayajua kuliko yeye.

Heshima hiyo ilikuwa kubwa, lakini haikujaza sufuria. De Moivre alitamani kazi ya kufundisha katika chuo kikuu, apate mshahara na nafasi ya kufikiri. Hakuipata. Hata marafiki wakubwa kama Newton na Halley hawakuweza kumpatia, maana alikuwa mgeni, na nafasi zilikwenda kwa wenyeji. Akaendelea kuwa mwalimu wa kutembea hata nywele zikawa nyeupe.

BAHATI NASIBU NA HESABU YA MAFUNGU

Katika siku hizo Waingereza walishikwa na homa ya bahati nasibu. Mwaka wa 1694 serikali yao, ikihitaji fedha za vita na Ufaransa, iliuza tikiti 100,000 kwa paundi 10 kila moja, ikakusanya paundi milioni moja. Bahati nasibu nyingine zilifuata. Wasioweza kununua tikiti nzima walishirikiana. Waliocheza karata, dadu na bahati nasibu walikuwa wengi, lakini waliojua wanachokinunua walikuwa haba.

De Moivre, akihimizwa na Bwana Francis Robartes, aliirudia ile hesabu ya ujana wake. Mwaka wa 1711 alitoa maandishi kwa Kilatini juu ya kupima bahati. Mwaka wa 1718 akatoa kitabu kizima, na mara hii alikiandika kwa Kiingereza, ili asomaye asiwe mwanachuo peke yake. Alimtunukia Newton kitabu hicho.

Moja ya zana zake kuu ni hesabu ya mafungu, ile tuiitayo kombinesheni. Nitaieleza kwa mfano mdogo, na mwanafunzi wa darasa lolote ataifuata. Tuseme kuna bahati nasibu ya namba 10, nawe unatakiwa kuchagua 3. Namba ya kwanza waweza kuichagua kwa njia 10, ya pili kwa njia 9 zilizobaki, ya tatu kwa njia 8. Zidisha 10 kwa 9 kwa 8, utapata 720. Lakini aliyechagua 2, 5 na 9, na aliyechagua 9, 2 na 5, wote wamechagua fungu lile lile. Namba tatu zaweza kupangwa kwa njia 6. Basi gawa 720 kwa 6, utapata 120. Mafungu ni 120, na lishindalo ni moja.

Sasa tuseme tikiti ni faranga 1,000, na zawadi ni faranga 50,000. Mtu huona 50,000 kwa 1,000 akafurahi. Lakini atakaye kuwa na hakika ya kushinda lazima anunue mafungu yote 120, yaani atoe faranga 120,000 ili apate 50,000. Kwa hiyo thamani ya kila tikiti ni 50,000 kugawanywa kwa 120, yaani kama faranga 417. Umelipa 1,000 kwa kitu cha 417. Sokoni Jabe ukiuziwa hivyo utapiga kelele watu wakusanyike.

Na huo ni mchezo mdogo. Zipo bahati nasibu ambamo mtu huchagua namba 6 katika 49. Ukifanya hesabu ile ile, mafungu yanakuwa 13,983,816. Mtu akinunua tikiti moja kila juma, itampasa kununua kwa miaka karibu 269,000 kabla hajalipa idadi hiyo ya tikiti. Wala hapo hana hakika, maana kila mchezo huanza upya.

Katika kitabu chake De Moivre alichukua pia bahati nasibu ya kweli, ile ya mwaka wa 1710, ambayo kwa kila tikiti moja yenye zawadi zilikuwako 39 zisizo na zawadi. Akauliza: mtu anunue tikiti ngapi ili uwezekano wa kupata walau zawadi moja uwe sawa na uwezekano wa kukosa? Mtu wa haraka hujibu kuwa ni 20, kwa kuwa 20 ni nusu ya 40. Kumbe sivyo. Njia iliyo sawa ni kuhesabu kukosa. Tikiti moja hukosa mara 39 katika 40. Kwa tikiti mbili zidisha 39/40 kwa 39/40, na kwa tatu zidisha tena, vivyo hivyo. Ukifika 20, bado uwezekano wa kutoka mikono mitupu ni kama 60 katika 100. Ili ufikie nusu kwa nusu yahitajiwa tikiti 27 au 28. De Moivre akatoa hata njia ya mkato: zidisha zile 39 kwa 0.7, utapata 27.3.

Tena, aliyenunua 40 akidhani sasa zawadi ni lazima, bado yu katika hatari ya kukosa kabisa, kama mara 36 katika 100. Kwa bei ya paundi 10, tikiti 28 ni paundi 280, fedha ambazo kibarua wa London hakuzipata kwa kazi ya miaka kumi. Na hizo zote ni za kununua nusu ya tumaini, yaani sawa na kurusha sarafu.

Jambo jingine alilolipinga ni imani ya kwamba bahati ni kitu chenye nguvu kinachomfuata mtu huyu na kumkimbia yule. Wacheza wengi hufikiri kwamba aliyekosa mara kumi sasa zamu yake imekaribia, au kwamba namba isiyotoka siku nyingi ina deni la kutoka. De Moivre alionyesha kwamba hakuna deni. Dadu haina kumbukumbu, wala tikiti haijui jina la aliyeinunua, kama ni tajiri au ni mwanafunzi asiye na karo.

NYUMBA YA KAHAWA

Wacheza kamari nao walimsikia. Katika mtaa wa St Martin's Lane ilikuwako nyumba ya kahawa ya Slaughter, na De Moivre alionekana huko mara nyingi baada ya kazi. Watu walimjia na maswali yao ya dadu, karata na bahati nasibu, naye akawapigia hesabu kwa malipo kidogo. Wengine walimletea maswali ya bima na ya fedha za urithi. Husemekana kwamba jioni nyingine Newton mwenyewe alikuja kumchukua hapo, wakaenda kwake kuzungumza mambo ya elimu.

Na hapa msomaji aangalie sana. Mjini London wakati ule hakuna aliyezijua hesabu za bahati kuliko mtu huyu. Alikuwa mwenye dhiki, na michezo ilimzunguka pande zote. Kama hesabu ingalikuwa ufunguo wa kuifungua bahati nasibu, yeye angalikuwa wa kwanza kuufungulia mlango. Lakini riziki yake ilitoka katika masomo, vitabu na mashauri. Aliuza hesabu, nao wakanunua matumaini. Mapato yake yalikuwa madogo, lakini yalikuja kila juma.

KAZI ZA UZEENI

Mwaka wa 1722 alitoa kanuni ile inayobeba jina lake, ingawa kwa umbo tunalolisoma leo iliandikwa baadaye na Leonhard Euler. Mwaka wa 1725 alitoa kitabu juu ya malipo ya kila mwaka anayopewa mtu mpaka kufa kwake. Aliitumia orodha ya vifo vya mji wa Breslau ambayo Halley alikuwa ameitoa mwaka wa 1693, akaifanya hesabu yake kuwa nyepesi hata karani aweze kuitumia. Kwa njia hiyo elimu iliyoanza katika dadu ikawafaa wajane, wazee na watu wa bima.

Mwaka wa 1733, akiwa na miaka 66, aliandika kurasa chache kwa Kilatini akawapa rafiki zake wachache. Katika kurasa hizo ulikuwamo mwanzo wa mstari ule wa umbo la kengele ambao leo umo katika kila kitabu cha takwimu. Alionyesha kwamba sarafu ikirushwa mara 3,600, hakuna ajuaye mrusho mmoja utaangukaje, lakini kama mara 68 katika 100 jumla ya upande mmoja itakuwa kati ya 1,770 na 1,830. Yaani jambo moja peke yake halitabiriki, lakini mambo mengi pamoja yana utaratibu. Hii ndiyo sababu mwenye bahati nasibu halali njaa. Mnunuzi ana tikiti moja, yeye anazo zote.

KUFA KWAKE

De Moivre hakuoa. Alikuwa Mkristo mwenye imani mpaka mwisho. Macho yakamfifia na usingizi ukamzidi. Watu husimulia kwamba aligundua analala robo saa zaidi kila siku, akapiga hesabu ni siku gani usingizi utatimiza saa 24, na siku hiyo ndiyo aliyofariki. Pengine hiyo ni hadithi tu, lakini inaonyesha jinsi watu walivyomfikiri. Lililo hakika ni kwamba alifariki London tarehe 27 Novemba, mwaka wa 1754, akiwa na miaka 87. Miezi michache kabla ya hapo Chuo cha Sayansi cha Paris kilimchagua kuwa mmoja wa wanachama wake wa kigeni. Nchi iliyomfukuza kijana ilimheshimu mzee, na hata hapo ilimhesabu kuwa mgeni.

Hayo ndiyo maisha ya Abraham de Moivre. Ndugu wanafunzi, mwenye noti ya mwisho mkononi hatapata katika vitabu vyake namba za kushinda. Atapata jambo jingine: namna ya kujua, kabla ya kuiachia noti hiyo, anachokinunua ni cha thamani gani. Achukue kalamu, ahesabu mafungu, agawe zawadi, kisha alinganishe na bei. Hesabu hiyo haichukui dakika tano, na karatasi yake haina gharama. Na akiwa amekwisha kuielewa vizuri, jirani wa Bwiza mwenye mtoto aliyeshindwa na hesabu hakosekani, naye atalipa kidogo kila juma ili mwanawe afundishwe.